Si kila mpindo ni tao

Mwezi jana kijana niliyemfundisha miaka kadhaa iliyopita alinipigia simu jioni na kuniuliza swali ambalo mwanzoni nilidhani ni mzaha. "Mwalimu, hebu niambie, tao ni nini?" Nilimjibu kwamba inategemea anayeuliza. Mwanafunzi wa chuo akisema "niko tao" jijini Nairobi, hayuko juu ya mlango wa msikiti. Yuko katikati ya mji. Naye bibi wa Pwani akisema fulani anakwenda kwa matao, anasema anatembea kwa madaha. Kijana hakucheka. Neno hilo lilikuwa limemkata mshahara.

Kisa chenyewe ni kifupi. Anafanya kazi katika karakana inayokata vyuma kwa mashine ya plazma inayoongozwa na kompyuta. Mteja alitaka lango lenye kichwa kilichopinda na mapambo ya majani. Mchoro ulitoka kwa mtu anayetengeneza mabango na kadi za harusi, akiwa ameuchora kwa programu ya kazi hiyo. Msimamizi aliutazama, akamwandikia kijana ujumbe kwa simu: "Kabla ya kukata badilisha mipindo yote iwe matao." Kijana akaangalia skrini, akaona kila kitu kimepinda vizuri, akajibu, "Boss, tayari ni matao." Mashine ikawashwa. Ukingo wa chuma ukatoka na vijino vijino kama mkate uliokatwa kwa kisu butu, kwa sababu moto ulikuwa ukisitasita kila hatua. Mteja alikataa kazi. Bamba la mili sita likaenda kwa vyuma chakavu, na gharama ikaenda kwa kijana.

Nimeombwa mara nyingi katika safu hii nieleze tofauti za maneno yanayofanana, na mara nyingi hasara ya kuyachanganya ni alama moja katika mtihani. Leo hasara ina bei. Na kwa kuwa chuoni nilisomea Kiswahili na Hisabati, mseto ambao hata walimu wenzangu huuona kama ugali na keki, nitaomba msomaji anivumilie tukiingia kidogo katika jiometri.

Katika lugha ya kila siku, tao ni kitu chochote kilichopinda kwa namna ya kupendeza: tao la mlango, tao la daraja, tao la mto unapozunguka kilima. Matumizi hayo ni sahihi na sitayapiga vita. Lakini katika jiometri, tao ni kipande cha duara. Basi. Lina kitovu kimoja na nusukipenyo kimoja, na kila nukta yake iko umbali uleule kutoka kitovu hicho. Ukitia ncha ya bikari mahali pamoja na kuzungusha penseli bila kuiachia, ulichochora ni tao. Ukiinua mkono na kuchora kwa hisia, hata ukichora kwa ustadi wa kutisha, ulichochora ni mpindo. Matao yote ni mipindo, ila si kila mpindo ni tao.

Mfano mzuri tunao angani. Upinde wa mvua tumeupa jina la silaha, nao Warumi waliliita tao na upinde kwa neno moja. Hata hivyo upinde wa kurushia mishale haulazimiki kuwa kipande cha duara, kwani mti hupinda zaidi pale ulipo mwembamba. Upinde wa mvua ndio tao kamili. Rangi zake hukaa katika pembe ya takriban digrii 42 kutoka nukta iliyo kinyume kabisa na jua, kila upande, na ndiyo maana anayeutazama kutoka kwenye ndege anaweza kuuona kama duara zima. Sisi wa chini ardhi hutukatia nusu yake.

Sasa turudi kwenye kompyuta. Programu za uchoraji wa kihandisi, AutoCAD ikiwa maarufu zaidi katika vyuo vyetu, zina aina tatu za mistari zinazotuhusu hapa: mstari mnyofu, tao na splaini. Neno splaini lilitoka katika viwanda vya meli vya Ulaya. Lilikuwa jina la ufito mwembamba wa mbao ambao wachoraji waliupinda juu ya karatasi na kuushikilia kwa vizito vya risasi, kisha wakapitisha penseli kandokando yake. Ufito ulijitafutia wenyewe umbo laini kati ya vizito. Kompyuta iliurithi mtindo huo bila mbao wala risasi. Nukta chache humvuta mpindo huku na huku, na hesabu hujaza yaliyobaki.

Waliotoa hesabu hiyo walikuwa watu wa magari. Mwaka 1959 Paul de Casteljau, mwanahisabati wa kampuni ya Citroën nchini Ufaransa, alibuni njia ya kueleza mipindo ya bodi za magari kwa namba. Kampuni yake iliifanya siri. Miaka michache baadaye Pierre Bézier wa Renault alifikia jambo lilelile kwa njia yake, akalitangaza, na mpaka leo mipindo hiyo huitwa kwa jina lake. Wanaoficha maarifa wayasome hayo mara mbili. Programu za kuchorea mabango na kadi hutumia mipindo ya Bézier karibu kwa kila kitu, hata kwa herufi.

Hapa pana jambo litakalowashangaza wengi. Mpindo wa kawaida wa Bézier hauwezi kuwa duara kamili. Duara unaloliona katika programu hizo kwa kawaida ni vipande vinne vya Bézier vilivyounganishwa, navyo hukosea nusukipenyo kwa takriban asilimia 0.027. Kwa kadi ya harusi hilo si kitu. Kwa duara lenye nusukipenyo cha mita moja ni zaidi kidogo ya robo ya milimita, na wapo mafundi ambao robo ya milimita huwanyima usingizi. (Splaini za hali ya juu zaidi zinaweza kueleza duara bila kosa lolote, lakini hizo tuziache kwa wahandisi.) Kwa hiyo jibu la kijana, "tayari ni matao," lisingekuwa kweli hata kama lango lote lingekuwa la maduara matupu. Jicho liliona tao. Faili halikuwa na hata moja.

Kwa nini mashine ijali? Kwa sababu mashine haioni, husoma. Mashine nyingi za kukata huongozwa kwa orodha ya maagizo yanayoanza na herufi G. G1 humwambia mkono wa mashine: nenda moja kwa moja hadi nukta fulani. G2 humwambia: zunguka kitovu fulani kwa mwelekeo wa saa hadi nukta fulani. G3 ni vivyo hivyo kinyume cha saa. Agizo la splaini lipo katika vidhibiti vichache tu. Vingi msamiati wao wa mwendo ni hayo matatu pamoja na agizo la kuhama haraka bila kukata. Ukimpa mashine splaini, ni sawa na kumsomea shairi mtu anayejua maneno matatu. Lazima mtu akae katikati afasiri.

Fasiri ya kivivu ni kuukatakata mpindo uwe vistari vinyofu vifupi. Tuhesabu. Chukua nusu duara yenye nusukipenyo cha milimita 500, upana wa lango la mita moja. Tuseme unakubali mstari mnyofu uachane na mpindo kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, si zaidi. Urefu wa kila kistari hupatikana kwa kuzidisha nusukipenyo kwa kosa hilo, kisha kwa 8, halafu kutafuta kipeuo cha pili. 500 mara 0.1 mara 8 ni 400, na kipeuo chake ni 20. Vistari vya milimita 20, basi, na nusu duara yako yenye urefu wa milimita 1,571 itahitaji 79. Kwenye kila kiungo pana kikona cha zaidi ya digrii mbili, na jua la saa nne asubuhi likipiga chuma hicho kona zote utaziona. Ukitaka usahihi mara kumi zaidi, vistari vinashuka hadi milimita sita na ushei, na idadi inapanda hadi 249. Kila kikona ni mahali ambapo mashine inaweza kupunguza mwendo, na moto wa plazma ukikaa mahali pamoja hata kwa chembe ya sekunde hula chuma zaidi. Vile vijino nilivyovitaja mwanzoni vinatoka huko.

Tao huandikwa kwa agizo moja. Mstari mmoja badala ya 249, na mkono wa mashine huenda mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kweli, vidhibiti vingine vidogo, kama Grbl, hulivunja tao kuwa vistari vyao vya ndani, lakini hufanya hivyo vyenyewe kwa kosa dogo mno, milimita 0.002 usipobadilisha mpangilio, na faili lako hubaki fupi.

Kuna faida nyingine ambayo kwangu ni kubwa kuliko ya mashine, nayo ni ya lugha. Tao linasemeka. Unaweza kumpigia fundi wa Kisumu ukiwa Malindi ukamwambia: nusukipenyo mita moja na nukta tatu, upana mita moja, akakata kitu kilekile ulicho nacho kichwani. Splaini haisemeki. Inaonyeshwa tu. Hata geti likishajengwa, tao unaweza kulihoji kwa uzi na rula. Vuta uzi wa mita moja uguse tao nchani mbili, kisha pima kina kutoka katikati ya uzi hadi kwenye tao. Tuseme ni sentimita 10, yaani milimita 100. Zidisha 1,000 kwa 1,000, gawanya kwa mara nane ya kina, utapata 1,250; ongeza nusu ya kina, 50. Nusukipenyo ni milimita 1,300. Fundi wa kupinda mabomba hurekebisha roli zake kwa namba hiyo. Kwa splaini angehitaji kielelezo cha mbao na macho ya kuzaliwa nayo.

Basi kubadilisha mpindo uwe matao hufanywaje? Mpindo huru hauna kitovu kimoja, kwa hiyo tao moja halitoshi. Hutafutwa matao kadhaa yanayofuatana na kukabidhiana mwendo bila kona. Nitaeleza njia moja ambayo mtu anaweza kuifanya mezani kwa bikari.

Kwanza, kama mpindo una umbo la herufi S, ukate pale unapogeuka kutoka kupinda kushoto hadi kupinda kulia. Hakuna tao linalopinda pande mbili. Kisha chukua kipande kimoja na katika kila ncha yake uchore tanjenti, yaani mstari mnyofu unaougusa mpindo hapo na kuelekea unakoelekea. Tanjenti hizo mbili zitakutana mahali. Unganisha ncha mbili za mpindo kwa mstari, nawe umepata pembetatu. Gawanya kila pembe yake nusu kwa nusu. Mistari ya mgawanyo itakutana katika nukta moja ndani ya pembetatu. Nukta hiyo ndiyo kiungo. Tao la kwanza linatoka ncha ya kwanza kuifuata tanjenti yake hadi kwenye kiungo, na tao la pili linatoka kiungoni hadi ncha ya pili. Uzuri wake ni kwamba pale kiungoni yote mawili yanaelekea upande uleule, na kidole hakihisi kona. Jozi hiyo napenda kuiita matao pacha, ingawa si mapacha wa kufanana. Aghalabu moja ni kubwa kuliko lingine.

Halafu pima: ni wapi matao pacha yameachana zaidi na mpindo wa awali, na kwa kiasi gani? Ukiridhika, umemaliza. Usiporidhika, ukate mpindo katikati na urudie kwa kila nusu. Kazi hukamilika upesi kuliko unavyodhani. Ukifupisha vistari vinyofu kwa nusu, kosa lake hupungua hadi robo hivi. Ukifupisha matao pacha kwa nusu, kosa hupungua hadi kama thumuni. Kwa sababu hiyo mpindo unaodai mamia ya vistari huridhika na matao machache.

Neno gumu katika habari hii yote ni lile la kiasi cha kosa unalokubali. Nimeona tafsiri zinazosema "uvumilivu" na nyingine "ustahimilivu." Zote zinaleta picha ya chuma kilichofunga saumu. Fundi wa mbao hasemi hivyo. Humwambia mwanafunzi wake, "achia mili mbili," na kila mtu akaelewa. Mimi nimekuwa nikitumia "mwanya" katika makala haya kichwani mwangu: mwanya wa milimita 0.1, mwanya wa milimita 0.01. Ni neno fupi, linajulikana, na linasema hasa kinachopimwa, yaani nafasi kati ya kilichotakiwa na kilichopatikana. Agizo lisilotaja mwanya halijakamilika. Msimamizi angeandika, "Badilisha splaini zote ziwe matao, mwanya 0.1," kijana angejua kwamba anaambiwa afanye jambo katika programu, si kusifu umbo. Wajibu wa kutaja upo kwa anayeagiza, na hapo mimi simwungi mkono msimamizi kuhusu ule mshahara.

Hata maneno ya programu zenyewe yanaweza kupotosha. AutoCAD ina amri iitwayo PEDIT inayogeuza splaini kuwa polilaini, na hukuuliza kiwango cha usahihi kati ya 0 na 99. Mtu huandika namba kubwa, akaona ujumbe wa mafanikio, akaenda kunywa chai. Lakini polilaini inaweza kuwa ya vistari vinyofu au ya matao, na kinachoamua ni mpangilio mwingine uitwao PLINECONVERTMODE: ukiwa 0 unapata vistari, ukiwa 1 unapata matao. Njia ya kuhakiki ni kubofya kipande kilichogeuzwa na kutazama sifa zake. Ndani ya polilaini kila tao huhifadhiwa kwa namba moja ya ziada inayosema limebinuka kiasi gani. Sufuri ni mstari mnyofu, 1 ni nusu duara, takriban 0.414 ni robo duara, na alama ya kutoa humaanisha tao linakwenda kwa mwelekeo wa saa. Ukiona sufuri tupu kuanzia juu hadi chini, hujapata matao, hata kama skrini inang'aa.

Watu wetu wa Pwani wanalo tao la vitovu viwili mbele ya macho yao. Milango ya magofu ya Gedi ina matao yenye ncha juu. Umbo la namna hiyo huchorwa kwa kigingi na kamba: unasimika kigingi upande mmoja unachora tao, unakihamishia upande wa pili unachora jingine, na pale yanapokutana panabaki ncha. Hapo kona hiyo imekusudiwa. Hayo si matao pacha niliyoyaeleza, na programu ikiyalainisha kiungoni itakuwa imeharibu umbo. Kabla ya kugeuza mchoro wa namna hiyo, ukate mpindo kwenye ncha, ugeuze kila upande peke yake.

Na kuna mipindo ambayo haifai kuguswa kabisa. Matao mawili yakiungana vizuri, mwelekeo haukatiki, ila ukali wa kona hubadilika ghafla: ulikuwa wa nusukipenyo cha mita mbili, mara ni wa mita moja. Kwenye lango hakuna atakayejua. Kwenye bodi ya gari iliyopakwa rangi inayong'aa, taa za dukani zinapojiakisi, jicho huuona mpaka huo. Kwenye reli ni hatari zaidi, kwani behewa lililokuwa likienda sawasawa lingesukumwa kando kwa mkupuo mmoja. Ndiyo sababu wahandisi hawaungi mstari mnyofu na tao moja kwa moja, bali huweka katikati yake mpindo wa mpito ambao ukali wake hupanda polepole. Mpindo huo ukiugeuza matao ili kurahisisha mchoro, umeondoa kilichowekwa makusudi. Mchoro wa namna hiyo hifadhi splaini yake ya asili katika faili la pembeni lenye jina lake, na nakala pekee ndiyo iende kwenye mashine.